Mama anauma kanga usiku ili nisiamke

Shangazi shikamoo,

Naomba usitaje jina langu, sema tu niko Dar upande wa Mbagala, nina miaka 34, nimeolewa, watoto wawili, wa kike ana 11 na mdogo wake ana 4. Naandika saa tisa na robo usiku kwahiyo kama kuna maneno nimeyaruka nisamehe.

Mama yangu ana miaka 61, kwao Pangani. Mwaka jana alianza kutokwa damu wakati hedhi yake ilishakata zamani, akakaa kimya miezi mitatu minne hivi, akaja kumwambia dada yangu maji yakiwa yameshafika shingoni. Tukamleta huku, vipimo, majibu yakatoka kansa ya shingo ya kizazi na imeshasambaa. Akapigwa mionzi wakatuambia wazi kwamba hii ni ya kupunguza damu, kupona msitegemee, na kweli damu ilipungua, tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Tangu hapo ni mimi na yeye.

Tuko watoto wanne Shangazi. Kaka mkubwa yuko Mwanza, anatuma elfu hamsini kila mwezi na hachelewi, simlaumu. Anayemfuata yuko Muscat anaendesha gari la watu, huyu anatuma vois za dua na video za watu waliopona kansa kwa majani ya mti sijui gani. Dada yuko Tanga mjini, alikuja mara moja akakaa siku tatu akaondoka, anasema harufu inampandisha presha. Kabla hajaondoka alinifundisha nimsafishe mama huko chini kwa maji ya dettol na ndimu, nikafanya, mama alipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga.

Hiyo harufu ndo imetutenga na watu. Anatokwa maji maji muda wote na mkojo nao siku hizi unavuja wenyewe, nabadilisha pampasi na vitambaa siku nzima, nafua, naanika, nafua tena. Nilikuwa nakaanga maandazi asubuhi nauza hapo nje, wateja wamekata mmoja mmoja, kuna dada alinichana kabisa kwamba tunajua una mgonjwa. Mwingine kasema huo ni ugonjwa wa wanawake wahuni na mama kasikia, dirisha lilikuwa wazi. Mume wangu ni wa bajaji, sina kesi naye, ila amehamia kulala sebuleni na watoto, mimi nalala kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mama.

Dawa tulipewa panado na diklopa, zikiisha nanunua dukani. Kuna nesi aliwahi kutaja morfini, nikauliza kwenye grupu la familia, kaka wa Muscat akawaka, hayo ni madawa ya kulevya, mnataka mama afe teja, na ukiona wanampa mtu hiyo ujue ndo wanammaliza. Ikaishia hapo.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki mbili zilizopita usiku mama aliniita nimgeuze, nikamgeuza, baada ya dakika kumi nigeuze, nikamgeuza, nigeuze, mara ya sita au ya saba sikumbuki, nikamwambia, Shangazi naona aibu hata kuandika, nikamwambia mama nyamaza basi, unataka tufe wote? Akanyamaza. Tangu siku hiyo haniiti. Nikajua kapata nafuu. Juzi nikaamka mwenyewe kwenda chooni, nikawasha tochi ya simu, nikamkuta macho wazi, jasho linamtoka, ameuma pindo la kanga. Akaitoa mdomoni akaniambia lala mwanangu, umechoka.

Kila anayekuja kumwona anasema mama yenu mvumilivu mashallah, kama Nabii Ayubu. Mi tumbo linanikata. Na kuna siku nimemuomba Mungu amchukue tu, na nikikuambia ukweli ilikuwa kwa ajili yangu pia, nilale.

Afu kula hali. Namkorogea uji wa lishe, ulezi na soya na karanga, vijiko viwili kashiba, juzi nimemlazimisha ukamwagika kitandani nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Jioni huwa namsomea safu yako, anasema unaongea kama mtu wa kwao. Hii sitamsomea. Niambie tu, mimi ni mtoto wa aina gani, na nifanyeje.

Mkaanga maandazi, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama maana kukaa kulinishinda. Unauliza wewe ni mtoto wa aina gani. Wewe ni mtoto ambaye hajalala miezi. Mtu asiyelala hata akiwa na huruma ya kujaza mtungi, ikifika saa tisa usiku mtungi uko mkavu, atasema maneno ambayo akiyasikia asubuhi hayajui. Na hiyo dua ya kuomba mama achukuliwe, unadhani umeiomba peke yako? Waliouguza nyumbani muda mrefu wengi wameiomba, kimoyomoyo, wakiogopa hata kujisikia wenyewe. Ulichotaka kiishe ni maumivu, sasa wewe kwenye maisha yako hakuna aliyekuonesha yanaishaje zaidi ya mtu kufa, ukaombea hicho hicho ulichokijua.

Hasira zangu mimi ziko kwa hao wageni wa mashallah mvumilivu. Wanakaa dakika ishirini mlangoni, pua wamezielekeza dirishani, wanasifu, wanaondoka. Huo uvumilivu wa mama yako hebu angalia unamfaidisha nani, kituo cha afya hakisumbuliwi, Mwanza wanalala, Muscat wanalala, Tanga presha imetulia, anayelipa ni yeye na pindo la kanga. Na huyo Nabii Ayubu wanayemtaja wakafungue Suratul Anbiyaa aya ya 83, alimwita Mola wake akasema imenigusa dhara. Alisema! Hakuna mahali alipoambiwa aume nguo asiwasumbue watu.

Kwahiyo tuanze na maumivu maana hayo yakishuka hata mengine yanapungua uzito. Kansa ya shingo ya kizazi ikishasambaa inabana mishipa ya fahamu ya nyonga, maumivu yanapanda kiunoni yanashuka mpaka mguuni, ndo maana kila baada ya dakika kumi anataka kugeuzwa, anatafuta mkao ambao haupo. Panado peke yake haifiki huko. Na diklopa naomba usinunue tena kabla daktari hajasema, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi unabana njia za mkojo zinazotoka kwenye figo, na diklopa nayo inazigonga figo hizo hizo. Waombe wampime figo kabisa, hata dozi ya hiyo dawa nyingine ninayotaka kukuambia inategemea figo zake zikoje.

Neno la kwenda nalo hospitali ni tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Usiende kusema mama anaumwa, wote pale wanaumwa, sema mgonjwa wangu anahitaji tiba shufaa, naomba kuonana na watu wa kitengo hicho. Popote alipopigwa mionzi ana faili, rudi na hilo faili. Ocean Road hapo Dar wana kitengo hicho, na morfini ya maji, ile ya kunywa, inatengenezwa hapo hapo kutoka kwenye unga na kupelekwa hospitali nyingine. Wewe upande daladala mbili tu ufike, kuna watu wanaitafuta kutoka mikoani kwa basi la siku nzima. Uliza pia kama kuna timu inayokuja nyumbani, au kama wewe unaweza kwenda kuchukua dawa bila kumbebesha mgonjwa kwenye bajaji na mashimo yale.

Sasa kaka wa Muscat. Mwambie Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 1986 kwamba maumivu makali ya kansa dawa yake ni morfini, ya kunywa, kwa saa zake. Jirani zetu Uganda, Dk Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 walikuwa wanachanganya unga na maji wanaweka kwenye chupa, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake kijijini, na kufika 2004 sheria ikawaruhusu hata manesi na maafisa tabibu waliosomea waiandike maana madaktari ni wachache. Hao wote wangekuwa wanatengeneza mateja tungesikia. Mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya kansa, kwa dozi ya daktari, kuwa teja ni nadra sana. Na hilo la kwamba ukipewa ndo unamalizwa limekuja kwa sababu sisi huwa tunangoja mpaka siku mbili za mwisho ndo tunaiomba, mtu akifa tunasema ni dawa. Hata yeye huko huko Muscat akipata ajali leo Mungu apishie mbali, akavunjika paja, huenda hiyo hiyo ikawa ya kwanza kuchomwa.

Inavyotumika kwa kawaida ni kila baada ya saa nne, anaumwa haumwi anakunywa, maana ukingoja mpaka aume kanga umechelewa. Mfano saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Hiyo ya saa nne usiku daktari anaweza kuiandika mara mbili ili ile ya alfajiri mbichi irukwe na nyote mlale, muulize hilo kwa mdomo wako. Ni chungu, mpe na kitu cha kufutia mdomo. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na kichefuchefu kinaweza kuwepo, usipanike, wengi kinapita, na huo usingizi mwingine ni deni la miezi. Choo kitafunga, hilo lina uhakika kama kuchwa kwa jua, kwahiyo usitoke hospitali bila dawa ya kulainisha choo na aanze nayo siku hiyo hiyo. Ila ukiona unamwita hashtuki, pumzi zinakuja moja moja kwa mbali, dozi inayofuata usimpe, wapigie au mkimbize hospitali. Chupa ifungie juu, una mtoto wa miaka minne humo ndani.

Nunua daftari la shilingi mia tano. Mfundishe mama kusema kwa vidole, ngumi iliyofungwa maana yake haumwi kitu, kidole kimoja kidogo, mkono wote vitano ndo hakuna zaidi ya hapo. Andika saa na vidole. Daktari anaweza kubishana na wewe, daftari lenye vitano vitano vitano saa nane usiku siku tano mfululizo hawezi kubishana nalo.

Harufu. Nimekaa nikawaza hili kwa sababu ndilo limekula wateja na dada na nusu ya ndoa yako. Dettol na ndimu tupa, mwanangu umemmwagia ndimu mtu mwenye kidonda, hukujua, basi yaishe. Maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na chumvi kidogo yanatosha, kumwagia taratibu bila kusugua. Halafu wakiwepo hao wa tiba shufaa waulize kuhusu flajili, metronidazo, vile vidonge vya kawaida vya tumbo, kuna vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa ndo vinaleta ile harufu na flajili inaviua, wengine wanakunywa na kuna namna ya kuiweka kule kule kwenye kidonda, wakuelekeze ipi inamfaa yeye. Ndani ya siku chache utaona tofauti. Kwa mkojo unaovuja paka vaseline mapajani na makalioni kila ukimbadilisha ili ngozi isiungue, na waambie hospitali kwamba unavuja maana huenda kuna tundu limejitoboa, wanaweza kuamua kuhusu mpira wa mkojo. Mkaa mkavu kwenye beseni chini ya kitanda unasaidia, bibi zetu walijua. Udi mwingi usichome, unachanganyika na ile harufu inakuwa mbaya zaidi, nasema kwa niliyoyaona.

Huyo wa ugonjwa wa wahuni mimi nilitamani nipate namba yake. Kansa hii inaletwa na kirusi cha HPV, watu wengi sana waliowahi kulala na mtu wanakipata, wengi mwili unakifukuza wenyewe, kwa wachache kinakaa miaka kumi na tano, ishirini, ndo kinageuka. Mwanamke wa mume mmoja maisha yake yote anakipata na anaweza akawa kaletewa na huyo huyo mume. Mama kayasikia yale dirishani, sasa na haya ayasikie, kwa sababu aibu nayo inauma. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Cicely Saunders, alifungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotegemewa kupona, ya St Christopher's pale London mwaka 1967, yeye alikuwa anasema maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana mwili, yana moyo, yana familia na yana imani humo humo ndani, ukitibu kimoja ukaacha vingine hajapona maumivu. Mama yako miezi ile ya mwanzo alikaa kimya, unadhani alikuwa anaficha nini kama si aibu?

Na wewe ukienda kuchukua dawa pitia kliniki ya wanawake wakupime, una 34, kile kipimo wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi wanaangalia, dakika chache umemaliza. Huyo binti wa miaka 11 kama hajachanjwa mpeleke, chanjo ya HPV hapa Tanzania ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na kuanzia 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14.

Ndugu zako. Umeniambia humlaumu wa Mwanza, sawa, ila elfu hamsini kwa mwezi haitoshi pampasi na wewe unajua. Shida yako umekuwa unawapa taarifa, mama yupo yupo tu anaendelea, tunamshukuru Mungu, halafu unasubiri wajiongeze. Hawajiongezi. Itisha simu ya wote wanne, usiku, na ikiwezekana iwe saa ambayo mama anaumwa waone wenyewe, ila mwombe yeye ruhusa kwanza. Usiombe msaada, gawa kazi. Mwanza alipe mtu wa kufua kila siku, hapo mtaani kwenu hakosekani mama wa kufua. Muscat aache video za majani, atume hela ya dawa na nauli, na vois moja kwa wiki ya kuongea na mama mambo ya Pangani, samaki, nani kaoa, dua anazo za kutosha. Dada aje wiki mbili, na asilete habari ya presha, presha na ije nayo itamezewa dawa hapa hapa. Wiki hizo mbili wewe usiku unalala sebuleni na mumeo na watoto. Akigoma kabisa kuja, basi usiku mbili kwa wiki mlipe mtu mzima unayemwamini alale na mama, kwa hela yao.

Mumeo nimempenda, mtu aliyehamia sebuleni na watoto wote wawili bila kelele ni mtu wa kuongea naye. Mwambie usiku mmoja mmoja achukue zamu ya saa nne, dawa tu, kumgeuza utamgeuza wewe.

Kuhusu lile neno ulilomwambia mama, kamuombe radhi. Leo, wakati unamgeuza, usitafute siku maalumu. Useme mama siku ile nilikosea, nilikuwa na usingizi, ukiumwa niite. Atakuambia wala sikumbuki. Anakumbuka. Wewe sema tu, kisha funga kengele au kopo lenye mawe kwenye kamba mkononi mwake ili asihitaji hata kupaza sauti.

Uji nimeuacha makusudi. Mwili wa mgonjwa aliyefikia hapo hautaki chakula kingi na kumlazimisha hakumuongezei siku, kunamuongezea kichefuchefu tu. Wahenga wanasema mgonjwa haulizwi uji, mimi kwa huyu nakuambia muulize. Vijiko viwili vya anachokitaka ni chakula.

Barua yako usimsomee. Kipande hiki cha mwisho ndo umsomee.

Dada yangu wa Pangani, salamu nimezipata na za kwako nazirudisha, wa kwao ni wa kwao hata tukizeekea Dar. Mwanao ameniambia hulali usiku na kwamba huwa humuamshi. Nimemwagiza hospitali akafuate dawa ya kunywa, ni chungu kama shubiri, inywe hivyo hivyo kwa saa zake, na wale wa Muscat wakisema ya kwao waache waseme, hawaumwi wao. Akikuuliza vidole vingapi, usinipunguzie hata kimoja, kama ni vitano nyoosha vitano. Maneno ya dirishani sahau, huyo mwanamke hajui anachokisema na ugonjwa huu haumjui mtu tabia yake. Halafu kuna jambo nimelihisi tu kwenye maelezo ya mwanao, ukweli unao wewe: huo uji wa ulezi na soya hupendi, au siyo? Mwambie. Mwambie unataka wa mchele wenye tui la nazi na iliki kidogo, na akikwambia hauna lishe mwambie Shangazi kasema apike.